Chungu cha Bibi Skolastika

Jumatatu, 6 Julai 1992
Nimerudi kutoka Kipili na dagaa. Mgongo hoi. Lori liliharibika njiani, kijiji kimoja kabla ya Chala. Wenzangu wakalala kwenye nyasi. Mimi nikasikia kitu kinanguruma nyuma ya nyumba, nikakifuata. Bibi kizee anasugua kigoda juu ya chungu, anaimba Kifipa. Nsimba, muziki wetu wa chungu! Mara ya mwisho niliisikia nikiwa mtoto. Maisha yangu yote nafukuzia muziki, bendi, kwaya, malimba ya vilabuni, kumbe hiki kimekaa hapa hapa. Anaitwa Bibi Skolastika. Dereva kapiga honi mpaka kachoka.

Alhamisi, 9 Julai
Binti yangu Agnes anaolewa wiki ijayo. Kaka yake, Denis, keshaagiza disko. Maspika makubwa, yametoka Zambia kupitia mpaka wa Kasesya. Nimemwambia Denis kwamba Bibi naye atapiga. Kacheka. Eti, "Mama, chungu? Watatucheka mtaa mzima." Nina hasira. Atapiga.

Jumanne, 14 Julai
Nimemfuata Bibi mimi mwenyewe, nimemleta kwangu Chanji. Njia nzima kapakata chungu, amekifunga kanga. Hataki mtu akiguse.

Ijumaa, 17 Julai
Balaa. Bibi alikuwa kanisani. Nikaona chungu kimefubaa, kesho wageni. Nikakipaka mafuta ya alizeti. Kikang'aa kweli.

Bibi karudi, kasugua. Kigoda kinateleza tu. Kimya. Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniuma. Denis kacheka mpaka kakaa chini. Nimelia.

Nikazunguka Chanji nzima kutafuta kingine. Ndoo za plastiki tupu! Hata wapika pombe wana mapipa. Nikarudi. Maji ya moto, majivu, mchanga. Nimesugua mpaka viganja vimechubuka. Bibi kanusa, kasema bado. Nikaanza upya.

Jumamosi, 18 Julai
Harusi. Disko linadunda, mabati yanatetemeka. Nimemfuata Denis: zima, au nizime mwenyewe. Kazima, kanuna.

Bibi kasugua. Kikateleza. Mara ya pili, kikateleza. Vijana wakaanza kucheka. Nikatamani ardhi ipasuke. Mara ya tatu kikashika, kikanguruma mpaka nikakisikia tumboni. Mama wa nyumba ya jirani, ambaye miaka yote namjua kwa umbeya tu, akadaka wimbo. Wanawake wakaitikia. Kumbe nyimbo wanazijua zote! Agnes kacheza na shela lake vumbini. Disko halikuwashwa tena mpaka wageni wa upande wa bwana harusi walipoaga.

Jumapili, 19 Julai
Nimemsindikiza Bibi stendi baada ya misa. Kaondoka mikono mitupu. Chungu na kigoda kaniachia. Kasema kwake hakuna anayevitaka, na mimi sasa chungu nakijua kwa viganja vyangu.

Nyumba imetulia. Denis anarudisha maspika. Mimi nasugua tangu mchana. Kinakoroma kidogo, kinakata. Jirani kaniuliza ni mlango gani huo unalia. Nimemwambia azoee.