Sahani ya Dereva, Barabara ya Banalia

Jumapili, 4 Februari

Kesho naondoka. Nimeangalia mafuta, maji, breki, gurudumu la akiba. Nimeangalia tena. Land Cruiser ya papa, baba yangu, imenizidi umri, lakini inanisikia.

Wateja ni Arsène, assistant wa chuo kikuu, na wanafunzi wake watatu. Wanaandika historia ya malewa, vibanda vya chakula, za barabara ya Banalia, zile za zamani kabisa, zilizolisha malori ya kahawa tangu enzi za bibi zetu. Watakula, watapiga picha, watauliza maswali. Kazi tamu hiyo! Mimi nitaendesha.

Papa anakuja pia. Amri yake, si ombi. Ameendesha barabara hii miaka thelathini na moja, anasema bila yeye hatutaona kitu. Kuona! Daktari alishasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Papa anasema ni vumbi.

Ametoa sharti mbele ya mama. Barabara ikinipokea mimi, binti yake, usukani ni wangu moja kwa moja. Ikinikataa, anampa binamu yangu Eddy. Eddy, ambaye hajawahi kubadilisha hata gurudumu la baiskeli! Nikauliza barabara inampokeaje mtu. Papa akasema nitajua kwa sahani.

Naijua hiyo sahani. Sisi watoto wa madereva tumekua nayo. Kwenye malewa za barabara ile sahani ya kwanza ni ya dereva, bure, maana yeye ndiye aliyeleta watu. Inakuja imefunikwa na sahani nyingine, ndani kichwa cha samaki. Haiombwi. Dereva akiiomba amejiaibisha. Na akinunua chakula, basi amekiri mwenyewe kwamba ni abiria.

Bon. Sitaomba. Wala sitanunua.

Jumatatu, 5 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa juu ya daraja la Tshopo. Wanafunzi wakataka kushuka kupiga picha maporomoko. Nikawapa dakika kumi, wakachukua arobaini. Papa hakushuka. Alisema ameyaona vya kutosha.

PK 36, yaani kilomita ya thelathini na sita, saa nne. Malewa ya Mama Françoise. Bibi yake alianza na sufuria moja na magogo mawili ya kukalia. Magogo yapo hadi leo, yameng'aa kwa makalio ya watu. Arsène akawasha kinasa sauti. Mama Françoise akaeleza jinsi lituma inavyotwangwa, ndizi zikiwa bado za moto, ukichelewa inakataa. Alizungumza vizuri, nilimpenda.

Halafu sahani ikatoka jikoni. Imefunikwa. Ikapita mbele yangu — niliisikia harufu! — ikatua mbele ya papa.

Mama Françoise aliniona nikishuka upande wa usukani. Kwa macho yake mawili mazima! Nilipomwambia hivyo baadaye, kwa kucheka ili nisigombane, alisema alidhani papa ananiachia niushike kidogo mahali pa tambarare.

Papa akakohoa. Akafunua. Akala.

Mimi nilikula ndizi ya kuchoma ndani ya gari, niliyonunua darajani. Benie, yule mwanafunzi mdogo wa Arsène, akaja dirishani kunieleza utamu wa lituma. Nikamwambia kwa upole aende akamweleze mtu mwingine.

Jumanne, 6 Februari

Tumelala Bengamisa kwa jamaa za mama. Leo pancha. Nilibadilisha gurudumu mwenyewe, matope hadi kwenye nyusi. Lori likapita, dereva akatoa kichwa, akampongeza papa kwamba mzee bado ana nguvu. Papa alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo mkononi. Akapunga mkono!

Mchana tuliona mashine ya kushindilia barabara, ya wakati wa Wabelgiji, imeachwa kando na mti umeota katikati yake. Wanafunzi wakapanda juu, picha kibao. Papa akaeleza ilivyofika pale, hadithi ndefu, tamu. Hakuna anayeijua barabara hii kama yeye. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemsamehe.

Chakula changu: karanga. Kwa ziara ya malewa za kihistoria, mimi peke yangu ndiye ninayekonda.

Jumatano, 7 Februari

PK 82, Mama Micheline. Huyu ni mkali, sifa zake zinajulikana hadi Buta. Liboke yake, samaki aliyefungwa kwenye majani, haifunguliwi na mteja. Anaifungua yeye, na ukigusa jani kabla yake anakupiga kidole. Nilijipa moyo. Nilifika, nikaingia chini ya gari mbele yake kukaza bomba la moshi, nikatoka mikono myeusi kama chungu. Akaniletea maji na sabuni. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo.

Sahani ikaenda kwa papa.

Arsène, mtu mwema, akaninong'oneza kwamba yeye mwenyewe atamwambia Mama Micheline. Nikakataa. Sahani ya kuombewa ni sahani ya kuomba tu.

Nikamtazama papa akila. Mchuzi ulimwagika nje, hakujua. Alikuwa akitafuta miiba kwa vidole, anapapasa, anapeleka mdomoni, anatoa. Watu walikuwa wanaanza kumwangalia. Nikakaa karibu yake nikamtolea miiba mmoja mmoja, huku nacheka na kuzungumza juu ya njia ili ionekane ni mapenzi ya mtoto tu. Njaa inaniuma na vidole vyangu vimejaa samaki! Sikulamba hata kimoja.

Tulipobaki wawili nyuma ya nyumba nikamwambia aseme neno moja tu kwa Mama Micheline. Moja.

"Nikirudisha sahani, Falonne, batajua."

"Batajua nini, papa?"

Papa alinawa mikono ambayo alikuwa ameshanawa.

Nimelia kidogo, nyuma ya gari, haraka. Namhurumia sana baba yangu. Sahani hiyo ndiyo kitu pekee ambacho barabara bado inampa. Lakini miaka mitatu sasa mjini mimi ndiye ninayemwendesha, na huku mimi ndiye ninayekwepa mashimo ambayo yeye anayakumbuka mahali pasipo sahihi tena. Machozi yangu nampa. Usukani simpi.

Alhamisi, 8 Februari

Naandika juu ya usukani. Tuko ukingoni mwa Aruwimi, ng'ambo ni Banalia, bac, kivuko cha magari, imefungwa kamba mbele yetu. Saa nne na robo.

Sheria ya bac iko wazi: abiria wote wanashuka, dereva peke yake anabaki garini na kuliingiza. Mbao zinalazwa mbili, moja kwa kila upande wa magurudumu. Leo wamelaza moja, ya pili wameiacha kwenye majani. Kapita wa bac, msimamizi wao, aliniona nyuma ya usukani, akawaambia vijana wake wangoje. Akampigia papa kelele ya furaha, wanajuana tangu zamani. "Papa Amuri, panda, ingiza motoka. Ukishika usukani tutaweka mbao."

Arsène na wanafunzi wameshuka. Wako kule kwenye kamba. Mimi sijashuka.

Papa alizunguka gari, mkono ukifuata bati, mpaka mlangoni kwangu. Akashika kitasa. Nilikuwa nimeshafunga kwa ndani.

"Shuka, mama. Mbao iko tayari, nitaingiza mbio."

Mbio! Nikainama dirishani, nikasema polepole, kwa ajili yake tu.

"Papa, mbao iko ngapi?"

Akageuza uso kwenye mto.

"Mbili. Tangu zamani iko mbili."

Kapita alikuwa nyuma yake. Akasikia. Akaangalia ubao mmoja, akaangalia ule kwenye majani, akamwangalia papa. Hakuna aliyecheka, hata vijana.

Sasa ni saa tano kasorobo. Lori mbili zimejipanga nyuma yetu, zinapiga honi. Zipige! Kapita anasema mwanamke hajawahi kuingiza gari hapa, na hataki kuwa wa kwanza kumruhusu, labda mwenye gari aseme mwenyewe. Nimemwambia nitakaa hapa mpaka mto ukauke. Injini nimeiwasha ili ajue sitanii.

Kapita amemwendea papa tena. Amevua kofia. Anamwuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Papa, shofere iko nani?"

Papa ametoa pindo la shati lake, anafuta kioo changu cha kando, polepole, mpaka kwenye kona, kama utingo anavyomfutia dereva wake.