Kengele Niliyoondoka Nayo

Baba, shikamoo.

Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nasikia kengele ya Namelok akiwatangulia ng'ombe wenzake kutoka zizini, nawe nyuma yake unapiga mluzi. Macho yanaendeleaje? Na mgongo wa Mama? Kaka Loishiye, msomee polepole, usiruke palipo na jina lako.

Uliniuliza kwenye simu, "Huko unachunga nini?" Nachunga dhahabu, Baba, punje ndogo ambazo hata macho mazima hayazioni. Tunazipiga kwa mwanga wa leza unaowaka na kuzimika papo hapo. Elektroni, vijisehemu vya umeme vilivyomo ndani ya punje, huyumba zote pamoja kama kengele iliyogongwa, kisha hutulia. Mwako wa pili hufuata nyuma kidogo kuangalia mtikisiko umebaki kiasi gani. Mimi nasogeza kioo kinachouchelewesha, kwa hatua ndogo kuliko unene wa unywele.

Chumba cha maabara hakina dirisha. Siku nzima sioni mlima wala anga. Ndiyo maana ile kengele ya Namelok uliyonipa siku naondoka niliitundika juu ya meza ya leza. Wiki mbili vipimo vikawa vinatetemeka. Nilikagua kila skrubu, nikalia chooni. Mwishowe mwenzangu mmoja akainua kichwa: "Naserian, ng'ombe wako yuko wapi?" Upepo wa kiyoyozi ulikuwa unaitikisa kengele, nayo inaitikisa meza. Tulicheka, nikaishusha.

Jioni ile Loishiye akapiga simu, naye anacheka: umefuata kengele ya ng'ombe wa jirani mpaka ndani ya boma lao, ukawagombeza kwa kubadilisha mlango. "Baba kahamia kwa watu, dada!"

Sikucheka. Kumbe macho yamefika huko, na ng'ombe unawafuata kwa masikio. Kengele mpya mliyomnunulia Namelok sokoni Kwa Mrombo unasema ni bati tu, na mhunzi aliyefua ile ya zamani hayupo tena. Uliponipa ulijua kwamba utaihitaji, na hukusema.

Nilitaka kuacha yote nirudi. Nimebakiza mwaka mmoja wa masomo, Baba. Nitaumaliza, ingawa kila siku yake naiona ndefu.

Nisalimie Mama, shangazi wa Daraja Mbili, na mchungaji aliyeniombea safari.

Kengele nimeipeleka posta leo asubuhi. Nimeijaza soksi isilie njiani. Ikifika, Loishiye aitoe soksi, amvishe Namelok, nawe usimame mlangoni usikilize.

Binti yako,
Naserian