Mlima wa Barafu Unafunguliwa Jumamosi

Al Mankhool, Dubai
9 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwa joto. Mimi ni mzima, nakula, nalala, meno yote yapo. Je, wewe na mzee mmeamkaje? Ndugu yangu mdogo, Shem, ameacha uvivu ama bado? Kwa vile masikio yako yamekataa simu kabisa, nitakuwa nakuandikia hapa WhatsApp kama zile barua za zamani, na wewe umsomee mzee kwa sauti yako ya mwalimu wa nasari.

Mwambie nimebadilishiwa kazi. Unakumbuka nilikuambia kuna jumba la maduka lenye mlima wa barafu ndani? Nje watu wanachemka, ndani ni theluji tupu, wageni wanateleza na vibao miguuni. Sasa wanaongeza mambo mapya. Kutakuwa na lifti ya viti vinavyoning'inia kwa waya hadi juu kabisa, na huko juu mkahawa wa chokoleti moto. Kuna pango la barafu lenye taa za rangi, kuna njia ya kuteremka umekalia boya, kuna pengwini, ndege wasiojua kuruka, wanatembea kama wazee wa kanisa wakipeleka sadaka mbele. Hata viatu vya wageni vitapashwa moto kwanza. Yaani mtu analipa asikie baridi, halafu analipa tena aondolewe baridi. Nikiwaza sana naumwa na kichwa.

Sasa kazi yangu. Mama, mimi ni dubu. Usicheke. Dubu mweupe, manyoya hadi vidoleni, kichwa kama pipa. Walitupima sote, suti ikanitosha mimi peke yangu. Nakumbatia watoto, nacheza, na sisemi neno, kwa sababu dubu haruhusiwi kuongea.

Fawaz, msimamizi wetu, amesema sehemu mpya zikishafunguliwa mwisho wa Desemba, likizo yangu iko. Mwambie mzee nakuja.

Mwanao mkubwa,
Gerishom

Vihiga
12 Novemba 2024

Mwanangu Gerishom,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hapa tuko, mvua inanyesha vizuri, kuku wako wa mwisho ameliwa na kicheche, pole. Shem hajaacha chochote.

Nilimsomea mzee. Alicheka mpaka nikaogopa. Akasema, "Nimechuna majani ya chai maisha yangu yote mtoto asome, kumbe nasomesha dubu!" Halafu akaniuliza kama dubu hula ugali.

Lakini sitakuficha. Huu ugonjwa wa sukari umemshinda. Miguu imevimba, viatu haviingii tena, anatembea na ndara hadi kanisani, yeye ambaye alikuwa anapiga viatu rangi hata siku ya Jumatatu. Juzi aliniambia, "Gerishom ndiye wa kwanza. Mkono wake utangulie." Unajua maana yake. Kwetu hakuna mtu anagusa udongo wa kaburi kabla mtoto wa kwanza hajautupa. Nilimwambia aache maneno ya makaburi anywe uji. Alikunywa kidogo tu.

Harakisha hiyo likizo.

Mama yako

Vihiga
16 Desemba 2024

Gerishom,

Kaa chini kwanza, kama uko mahali pa kukaa.

Baba yako ametuacha. Ilikuwa jana asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani. Nilienda kumletea maji ya kuoga, nikamwita, nikadhani ni mimi sisikii jibu. Nikamwita tena. Ole wangu mwanangu, maji yamepoa pale pale mlangoni, hakuna aliyeyamwaga hadi leo.

Tumempeleka mochari ya hapa Mbale. Baba yako mdogo Zedekiya alitaka tuzike Jumamosi hii. Nimekataa. Nimewaambia watu wote Gerishom yuko njiani, na hakuna jembe litainuliwa kabla hajafika. Nimesema hivyo mbele ya pasta. Usinifanye mwongo.

Mama yako

Al Mankhool
18 Desemba 2024

Mama,

Pole, mama. Pole sana. Sijui kuandika. Niliisoma kwa chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja ndani ya suti, mwingine nje. Resty, dada mmoja Mganda anayegawa viatu, ndiye alinishika.

Nilienda kwa Fawaz hivyo hivyo, nusu mtu nusu dubu. Alinipa mkono, akasema pole, ana baba pia. Halafu akasema, "Ufunguzi kwanza, Gerishom. Ni mwisho wa mwezi tu. Khalas, ukiisha unaenda, inshallah." Nikamwambia baba yangu hawezi kuzikwa bila mimi. Akauliza, "Kwani huna ndugu?" Nilijaribu kumweleza. Mama, hayo mambo hayaelezeki kwa mtu ambaye kwao mtu hufa asubuhi na jioni ameshazikwa. Aliniona kama ninayemtania.

Pasipoti yangu iko kwa ofisi ya kampuni. Kuondoka bila karatasi yao ni kuandikwa mtoro.

Waombe wanisubiri. Huku ndani ni baridi chini ya sufuri, na nikisimama pale nakumbuka mahali mzee alipo. Mimi na yeye sote tumewekwa kwa friji.

Gerishom wako

Al Mankhool
29 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Natumai umeamka na nguvu kidogo, na umekula. Shem akuchemshie chai, asingoje kuambiwa.

Sina habari njema. Hatukufungua jana. Ile lifti ya viti ilikwama ikijaribiwa, viti vikabaki vinaning'inia hewani bila mtu. Mafundi wanangoja kifaa kutoka ng'ambo. Ufunguzi umesongezwa hadi tarehe kumi na nane Januari, Jumamosi. Fawaz hata haniangalii machoni.

Nimeomba wampe mwingine suti. Walijaribu wawili. Mmoja ni mfupi, miguu ya dubu ikawa inaburuta. Mwingine alianguka kwenye barafu. Walicheka, na mimi nikajikuta nacheka nao, na nikajichukia.

Msizike, mama. Nakuomba.

Mwanao

Vihiga
7 Januari 2025

Gerishom,

Sikuulizi habari yako leo, nina hasira.

Zedekiya na wazee walikuja jana wakakaa kwa sebule yangu kama mahakama. Wanasema mwili umekaa sana, wanasema nyumba inanuka huzuni, wanasema mwanamke hapangii ukoo mazishi. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mimi, mwalimu! Haikusaidia. Wameamua ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Siku hiyo hiyo ya huo mlima wenu.

Ni mlima gani huo unakuzuia? Si umejengwa ndani ya duka? Vua hiyo ngozi uirushe kwa huyo Fawaz, uje kwa baba yako. Kazi zitapatikana. Baba mwingine utampata wapi?

Mama yako

Al Mankhool
9 Januari 2025

Mama,

Una haki ya kukasirika. Nilienda ofisini, nikasema naacha kazi kabisa, nipeni pasipoti niende. Madam wa pale akasema kuacha kazi pia kuna utaratibu wake, na utaratibu wenyewe unaisha Februari. Nilibaki nimesimama mpaka mlinzi, Mkenya mwenzangu, akaja kuniambia kwa upole nitoke.

Leo nimeenda kwa kinyozi hapa mtaani, nikanyolewa kichwa chote. Najua kwetu tunanyolewa baada ya mazishi, pamoja, mbele ya watu. Lakini nitanyolewa na nani huku? Kinyozi aliniuliza kama nina chawa. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mimi nimeshindwa, mama. Mwambie mzee nilijaribu. Mwambie kabla hamjafunga jeneza.

Gerishom

Vihiga
21 Januari 2025

Mwanangu,

Uko mzima? Nimengoja neno lako tangu Jumamosi. Si hasira tena, ziliisha pale kaburini.

Tumemzika. Watu walikuwa wengi, mpaka wale wa kiwanda cha chai walikuja. Tulimvalisha vile viatu vyake, Shem alivipasua nyuma ndipo vikaingia. Nilimwambia ulichosema. Nilimwambia sikioni, kwa nguvu, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Kisha pasta akaita, "Mtoto wa kwanza apite mbele." Akaita tena. Zedekiya akamsukuma Shem, na Shem wetu akalia kama mtoto mchanga, akasema mimi si wa kwanza, mimi si wa kwanza. Wakamshika mkono wakautia kwa udongo.

Wakati wa chakula, Zedekiya alipitisha simu yake. Ile video ya ufunguzi imefika hadi huku. Lifti inapanda, watoto wanapiga makofi, na dubu anacheza. Akasema, "Tazameni kijana wetu anavyoomboleza." Watu wakacheka, wengine wakatema mate. Nami nikaichukua hiyo simu nikatazama. Nilikujua kwa vile unavyoinama. Halafu nikaona dubu anapangusa macho, kwa nje, juu ya manyoya, mara mbili, kama mtu aliyesahau amevaa nini. Nikamrudishia Zedekiya simu yake.

Sasa nisikilize vizuri. Asubuhi ile, kabla watu hawajafika, nilienda pale shimoni peke yangu, nikachukua udongo, nikaujaza kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Nilisema, huu ni wa Gerishom. Kwa hivyo huu ndio wa kwanza. Shem alitupa wa pili, hajui, na wazee hawajui. Uko chini ya kitanda changu. Ukija tutaenda mimi na wewe, uumwage. Hakuna aliyekupita.

Njoo tu, hata ukichelewa.

Mama yako

Al Mankhool
2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu. Mimi nipo. Samahani kwa kimya. Siku ile simu zetu zilifungiwa kabatini mpaka wageni waishe, na nilipotoka, kila nilichoandika nilikifuta.

Mlima unaendelea vizuri. Foleni ya pengwini inafika hadi mlangoni.

Likizo imekuja. Fawaz aliniletea karatasi mwenyewe, ameitia sahihi, akaniambia yalla, nenda ukampumzishe baba yako. Niliishika nikaona haina kazi. Nije nione nini? Nipite katikati ya wale waliotema mate, nikamwage mkebe juu ya kaburi ambalo limeshaota majani?

Hapa kwetu anatoka mtu mmoja kwa zamu. Mama yake Resty ni mgonjwa sana huko Masaka. Nimempa Resty nafasi yangu. Nilimwambia, nenda wewe, mama yako bado anapumua, usije ukawa kama mimi. Alinipigia magoti katikati ya viatu.

Nimeweka sahihi miaka mingine miwili. Usinionee huruma. Suti inanitosha.

Gerishom

Vihiga
5 Februari 2025

Gerishom,

Hujambo.

Nimesoma barua yako, nikavaa miwani nikaisoma tena. Ulichofanyia huyo binti ni kizuri, Mungu amjalie amkute mama yake. Kweli nasema, sina kinyongo naye.

Lakini umempa likizo kwa sababu mama yake bado anapumua. Na mimi je? Mimi ni nani, Gerishom? Nilikuwa nakuita uje kwa kaburi, ama nilikuwa nakuita uje kwangu?

Baba yako hakuhitaji kukuona tena. Mimi nilihitaji. Ni mimi niliyebaki naye kitandani, ni mimi nalala juu ya huo mkebe. Udongo umeanza kukauka, nimeunyunyizia maji kidogo.

Sikugombezi. Nakuuliza tu, unijibu.

Mama yako

Vihiga
26 Februari 2025

Mwanangu,

Natumai u mzima, na hiyo baridi haijakuingia kifuani.

Shem amenifundisha kusoma zile alama za WhatsApp. Moja ya kijivu, haijafika. Mbili za kijivu, imefika. Mbili za buluu, mtu amesoma. Za barua yangu ya mwisho ni za buluu tangu siku ile ile. Basi najua umesoma.

Hapa hakuna jipya. Bei ya chai imepanda vizuri. Nimeanza kuvaa ndara za mzee, viatu vyangu vinanibana siku hizi. Shem anasema twende Mbale nikapimwe sukari, nimemwambia anywe uji wake aniache.

Mkebe uko pale pale. Kama utahitajika mkebe mmoja au mikebe miwili, utajua mwenyewe ukifika.

Mama yako, bado