Hafidi wa Haji Sabra

Sohag, 3 Machi 1974

Kwako mjukuu wangu Wagdi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nasukuma siku; karani ananiandikia. U hali gani huko Alexandria?

Simu ya maandishi umeipata: mjomba wako Hamdan kafa kwa homa. Nalia, na ninaogopa. Tangu amuue kijana wa akina Zanati, wao hawajaweka matanga, wanangoja damu. Jana mzee Zanati kaniuliza, "Nani kabaki kwa mumeo Haji Sabra?" Nikamjibu, "Sibti tu, mtoto wa binti. Damu ya watu wengine." Kwetu anayelipizwa kisasi ni hafidi, mtoto wa mwana wa kiume. Sibti haguswi. Basi usije matangani, na unyamaze.

Bibi yako

Alexandria, 4 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Pole, pole sana. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kinyozi hana njaa.

Nimelipia tangazo la msiba gazetini, litatoka kesho: "Wagdi, hafidi wa Haji Sabra, atapokea rambirambi dukani kwake." Na mtaa nimeutaja. Najua mimi ni sibti, lakini nyumba iliyonilea isisemwe imezimika. Babu angefurahi, sivyo?

Hafidi wako, Wagdi

Sohag, 7 Machi

Wagdi,

Leo sina salamu. Umefanya nini, mwanangu? Gazeti limesomwa kwa sauti mkahawani. Nikaapa kwamba wewe ni sibti, mzee Zanati akacheka: "Mwenyewe kajiandika, bibi. Sisi nani tumbishie?" Wanawe wawili wamepanda treni asubuhi. Funga duka. Nenda kwa watu wa baba yako, Tanta. Usingoje hata kunyoa kidevu kimoja.

Bibi yako

Alexandria, 8 Machi

Bibi yangu,

Natumai u mzima. Barua yako ya kwanza imefika leo, mkononi mwa tarishi aliyewapisha wageni wawili mlangoni. Wana lafudhi ya nyumbani. Wametoa pole kwa adabu. Nimewapikia kahawa, hawakuionja. Mkubwa akaniuliza, "Ndiwe hafidi wa Haji Sabra?" Nilikuwa sijafungua bahasha, Bibi. Nikasema ndiyo, tena kwa fahari.

Sasa nimeisoma. Nimewaambia ukweli, mdogo kalikunjua gazeti, kaniwekea kidole kwenye jina langu. Nimeomba nimalize barua, wamekubali. Wamekaa kwenye benchi nje, kahawa imepoa. Jirani muuza tumbaku ataitia posta.

Usijilaumu.

Sibti wako, Wagdi