Makande ya Ijumaa

Jumamosi, 3 Januari

Nimembadilishia Baba mfuko wake wa choo, ule wa tumboni, saa moja asubuhi. Mama amewahi sokoni Mlalo na kabichi zake, kwa hiyo zamu ni yangu. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kausha, paka dawa, bandika. Ngozi kuzunguka tundu bado imechubuka upande wa chini. Baba aliangalia ukutani, shuka limemfunika kote isipokuwa mahali pale. Mimi pia huangalia pale tu. Binti kumhudumia baba yake hivi si jambo la kwetu. Shangazi alipendekeza atafutwe mwanamume. Baba akasema mwanamume gani ana mikono myepesi kama ya Zuhura. Basi.

Sasa niandike kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Jana nilimpa Baba makande, mahindi na maharage.

Daktari wa Moshi alikataza. Alisema mbele yetu sote, mimi, Mama na Shangazi: mahindi yenye maganda, karanga, matunda na ngozi yake, marufuku. Utumbo waliomtolea nje tumboni ni mwembamba, unaweza kuziba. Tangu walipomfanyia upasuaji wa saratani mwezi wa nane, Baba anaishi kwa uji, bokoboko na ndizi za kuponda. Mshambaa, miezi mitano bila makande.

Jana alirudi msikitini akasimama mlango wa jikoni, akavuta harufu. Mama hakuwepo. Akasema, "Zuhura, nyumba hii wewe tu ndiye unayenielewa. Vijiko vitatu." Nikayaponda kwa mwiko. Nilidhani kuyaponda kunatosha. Vijiko vitatu vikawa bakuli zima. Alikula amefumba macho. Nilifurahi kumwangalia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Mfuko wa leo asubuhi ulikuwa na kidogo tu. Majimaji. Labda ni kawaida.

Jioni. Baba ameliita lile tundu Mwenyekiti, kwa sababu linaongea bila kuombwa, hasa watu wakinyamaza. Likitoa upepo mbele ya wageni husema, "Samahani, Mwenyekiti ana neno." Shangazi hucheka mpaka anafuta machozi kwa khanga. Leo Mwenyekiti hajasema kitu tangu adhuhuri.

Jumapili, 4 Januari

Mfuko mtupu. Nimeuangalia mara tano. Sikuwahi kufikiri nitakuja kutamani kuona choo cha mtu.

Shida yetu siku zote ilikuwa kinyume. Kila akitoka kuwekewa dripu za dawa ya saratani anaharisha wiki nzima, mfuko unajaa kabla hajamaliza kuswali, ananyauka kama mchicha. Namkorogea maji ya chumvi na sukari, anakunywa kwa kijiko, anakunja uso. Mara ya mwisho, wakati wa kurudi, walipofika Mazinde kwenye lile joto, gundi ya mfuko ikaachia ndani ya basi. Mama alimfunika kwa khanga zake zote mbili. Abiria walifungua madirisha. Kufika nyumbani Baba akasema Moshi haendi tena. Ilimchukua Mama wiki tatu kumrudisha kwenye mstari. Zimebaki dozi mbili. Ya kwanza ni Jumatatu ijayo, tarehe kumi na mbili.

Vidole vyake navyo. Ile dawa imevitia ganzi. Akigusa maji ya bomba ya asubuhi anaruka kama amechomwa sindano. Fundi cherehani asiyeweza kushika mkasi wa baridi. Huvaa glavu za sufu, mimi namtungia uzi, yeye anakanyaga. Wateja hawajui.

Leo alikaa kwenye cherehani bila kushona. Ameinama, mkono tumboni. Anasema ni gesi.

Mama aliniuliza, "Baba yako alikula nini Ijumaa?" Nikasema uji. Mama akageuka haraka akaenda kuchochea moto. Sikujua uongo wangu unapita kirahisi hivyo.

Mimi ni mwoga. Naandika ili nilione hilo neno.

Jumatatu, 5 Januari

Alianza kutapika alfajiri. Kijani. Tumbo limejaa kama ngoma, linang'aa. Mfuko mkavu kabisa. Mama alikimbia kwa jirani mwenye gari la mboga, tukamlaza Baba nyuma juu ya magunia, mimi nimeshika kichwa chake. Kila kona alifunga macho. Hakulia. Alinisemesha mara moja tu. "Zuhura, usinibane masikio."

Hospitali. Dripu. Picha. Mpira wa kupitishwa puani mpaka tumboni, sikuweza kutazama wakiuingiza. Shangazi alitufuata na chupa ya chai.

Daktari ni kijana, mpole, anaongea polepole. Alisema utumbo umeziba. Kuna mambo mawili. Kama ni chakula kimekwama, tunaweza kusubiri na dripu, mara nyingi hujifungua chenyewe. Kama si chakula, basi ni kovu la upasuaji limekaza, au ugonjwa umerudi, na hapo ni kumkata tena. Na damu yake ipo chini kwa sababu ya dawa. Hakupenda wazo la kumkata. Lilionekana usoni.

Akauliza, "Amekula nini siku hizi tatu?"

Mama akasema, "Uji, dokta."

Shangazi akasema, "Uji tu."

Mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, uji.

Na Baba mwenyewe, na mpira wake puani, akasema, "Uji."

Daktari akaandika. Akasema kama ni uji basi si chakula. Waandae gari la wagonjwa, kesho asubuhi apelekwe Moshi akapasuliwe.

Nilitoka nje nikasimama kwenye korido. Miaka minne ya sekondari sikunyoosha mkono darasani hata mara moja. Mwalimu wa Baiolojia alidhani sina sauti. Nilirudi mara mbili mpaka mlango wa daktari, nikageuka mara mbili. Mara ya tatu nilichana karatasi ya daftari hili nikaandika: *Ijumaa nilimpa makande. Bakuli zima. Niliyaponda kidogo tu. Naitwa Zuhura, ni binti yake. Nawaomba msimkate.* Nikampa nesi mnene aliyekuwa anapita na sinia ya dawa.

Alisoma amesimama. Nilisubiri anipige kofi. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

Daktari alirudi wodini, akambonyeza Baba tumbo tena, akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema gari lisubiri kwanza. Tumpe mpaka kesho saa kumi jioni. Isipofunguka, anakwenda. Hakusema kwa nini amebadili mawazo. Hakuniangalia hata kidogo, Mungu ambariki.

Nesi alipopita tena akaninong'oneza, "Familia yenu ina siri kuliko jeshi." Sikumwelewa.

Jumanne, 6 Januari

Naandika hapa hapa wodini, kwenye benchi.

Nesi alituonyesha. Magoti yapande tumboni. Kitambaa cha moto. Kusugua tumbo taratibu, duara, duara. Mama alianza, Shangazi akapokea, kisha mimi. Nilihisi kitu kigumu chini ya ngozi, karibu na tundu. Nilijua ni mahindi yangu.

Saa nne. Hakuna.

Saa sita. Hakuna. Mama na Shangazi wametoka kuswali.

Tulibaki wawili. Nikamwambia Baba, nisamehe. Ilitoka kama pumzi. Akafungua jicho moja.

"Nani aliomba?"

"Wewe."

"Nani alitafuna?"

"Wewe."

"Hakutafuna vizuri huyo. Haya, sugua." Baadaye kidogo akasema, "Ila chumvi ilipungua."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi mpaka kwenye shuka la hospitali. Nampenda sana. Sijawahi kumwambia. Kwetu haisemwi, mtu anatungiwa uzi.

Saa nane. Hakuna. Dereva wa gari la wagonjwa amekuja kuuliza.

Saa tisa. Baba ametapika tena, kidogo. Anatazama dari. Mama anamfunga vifungo vya shati la safari.

Baadaye. Lazima niandike kwa mpangilio.

Ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Shangazi ndiye aliyekuwa anasugua, anamsema kaka yake kwa Kishambaa kama anavyosemwa mbuzi aliyegoma kutembea. Tumbo likanguruma. Likanguruma tena, refu, kama gari zito linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Kisha upepo. Mfuko ukavimba. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti amefungua kikao." Kisha maji, mengi, kisha kila kitu.

Mama alikaa sakafuni akalia waziwazi. Nesi alipiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema alhamdulillahi ingawa ni Mlutheri.

Mfuko ulijaa mpaka shingoni na mimi ndiye ninayejua kuubadilisha haraka. Nikaumwaga kwenye beseni. Nikaangalia, kwa sababu lazima kuangalia, daktari atauliza. Maganda ya mahindi. Yangu. Maganda ya maharage. Yangu.

Halafu ngozi za matunda ya plamsi. Nyekundu, zimejikunja.

Mimi sikumpa plamsi.

Na vipande vya karanga.

Nikainua kichwa. Mama alikuwa dirishani, anaangalia milima kana kwamba hajawahi kuiona. Shangazi alikuwa anafungua na kufunga chupa ya chai, na chai iliisha tangu asubuhi.

Alhamisi, 8 Januari

Tumerudi nyumbani jana. Nililala kama jiwe.

Leo asubuhi, mimi na Mama jikoni, tunamenya viazi. Alianza bila kuniangalia. Ijumaa Mama alipotoka shambani Baba alimfuata kwenye mti wa plamsi nyuma ya nyumba. Alimwambia dunia nzima yeye peke yake ndiye anayemwelewa. Plamsi nne, na maganda yake. Hospitalini Mama alimfuata nesi akamwambia sikioni, mchana wa Jumatatu. Kabla yangu au baada yangu, sijui.

Nikamwambia ya kwangu. Nilifikiri atanigeukia. Kisu kilisimama hewani. Kisha mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Shangazi aliingia na maziwa, akatukuta tumeegemeana. Akauliza mna nini. Mama akasema, "Wifi, karanga ulimpa ngapi?"

Maziwa almanusura yamwagike. "Nani kakwambia?"

"Beseni."

Shangazi akakaa kwenye kigoda, akajipiga paja. Ijumaa baada ya alasiri, amemletea mtandio aupinde, Baba akamwambia, dada, wewe ndiye unayenielewa, tumenyonya ziwa moja. Karanga za kukaanga. Viganja viwili. "Kaka yangu huyu! Siku moja, wanawake watatu, maneno yaleyale! Angegombea ubunge angepita bila kupingwa."

Tulicheka mpaka Mama akashika mbavu. Baba akaita kutoka chumbani, "Kuna nini huko?" Tukajibu wote watatu kwa pamoja, "Hakuna!"

Kisha hatukucheka tena. Mama alisema polepole kwamba tungemuua kwa mapenzi, kila mtu na kijiko chake. Na uongo wa uji ungemmalizia. Tukakubaliana. Kuanzia leo, akimwomba mmoja, ameomba wote. Hakuna kumpa kwa kujificha. Na yeye asiambiwe kwamba tumejuana. Mama ndiye aliyesema hivyo. "Mwacheni," alisema. "Mtu aliyevuliwa nguo na madaktari wote wale, tusimvue na hilo."

Jumapili, 11 Januari

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Moshi wamepiga simu. Kesho aende, watapima damu kwanza. Ikiwa haitoshi watamsogezea wiki moja. Baba alisikiliza, akasema sawa. Mama alikuwa amejiandaa kwa mabishano, hotuba yote kichwani, akabaki nayo.

Baadaye Baba akaniita. Anataka niende nao safari hii. Tutashuka Mombo, kabla ya joto kumwingia sawasawa, nibandike mfuko mpya chooni kwenye kituo cha mafuta, ndipo tuendelee. Amelipanga lote. Ameshona mkanda wa kitambaa cha pamba wa kuushikilia mfuko usichezecheze, na mfuko wa pembeni wa kuweka vitambaa vyangu. Mishono imepinda kidogo kwa sababu ya vidole. Nimemwambia mizuri. Ni mizuri.

Nimefunga kila kitu. Mifuko sita, dawa ya ngozi, maji ya chumvi na sukari kwenye chupa mbili, khanga tatu. Uji mwepesi uko kwenye chupa.

Jioni hii Baba alimwita Mama uani, akamnong'oneza. Mama akarudi na uso mkavu, akaenda stoo, nikamsikia anacheka ndani ya gunia la unga. Shangazi alipokuja kuaga, naye akaitwa uani. Akaondoka ameziba mdomo kwa khanga. Kisha ikawa zamu yangu. Baba aliangalia huku na huku, akaniinamia. "Zuhura," alisema, "ahsante kwa kutomwambia mtu."

Nikasema, "Karibu, Baba."

Alinigusa kichwani kwa glavu yake ya sufu, akaingia ndani anatembea wima, mtu mwenye siri tatu na kila moja iko salama.

Daftari, na wewe usimwambie.