Kikuba Kifuani mwa Bibi wa Kitaliano

Baba,

Sikuandikii kukulilia. Nilikulilia arubaini nzima, na leo natamani machozi yangu yarudi.

Juzi Mama katoka eda. Miezi minne na siku kumi hakugusa udi wala asumini. Alipokwisha kuoga alitaka kikuba, nikamshonea kama alivyonifundisha: asumini, rihani na mkadi. Akakibandika kifuani, akaenda kusimama majlisini mbele ya picha yako ya yule bibi wa Kitaliano. Hapo ndipo nilipoona. Vikuba vilikuwa viwili, cha Mama na cha ukutani, na mshono ni mmoja.

Baba, miaka mia tano iliyopita nani Italia alishona kikuba?

Nawe ulikuwa mtu wa vitabu! Kila mgeni aliyeingia nyumba hii ya Ibra, huku Omani, hata kahawa hajaonja, ulimsimamisha pale. "Mkono wa mwanafunzi wa fundi mkubwa wa Italia, miaka mia tano sasa. Maua hayo ni alama ya bikira aliyeposwa." Wanaume wakitikisa vichwa. Wanawake wetu wa Kizanzibari wakifunika midomo kwa mitandio, nami nikidhani ni haya. Kumbe walikuwa wanakucheka, Baba.

Mama akaniambia, "Wallahi nimemchora mimi, mwanangu. Nimemtoa kwenye kitabu cha baba yako. Yule wa kitabuni kashika ua jekundu, mie silipendi, nikamvisha kikuba."

Bado nilikutetea. Nilisema hukujua. Kisha nikaishusha picha kuipangusa, maana watu wa maonyesho ya Nizwa wanaiazima. Nyuma kuna karatasi yenye mwandiko wako: Italia, na yule mwanafunzi wa fundi wako mkubwa, bila jina. Pembe ilikuwa imebanduka. Nikaivuta, na chini yake nikakuta jina la Mama, kwa rangi. Gundi uliipaka wewe.

Nakumbuka uliponikamata nachora ukutani kwa mkaa. "Kuchora si kazi ya wanawake wa nyumba hii," ulisema. Mama alikuwa anakumiminia kahawa. Hakumwaga hata tone, wala hakunitazama. Nilimchukia siku ile, Baba. Nilimchukia yeye.

Anasema nikuache, marehemu hasemwi. Eti mgeni mmoja aliuliza, ulimi ukakuteleza, kisha ukaona haya kurudi nyuma. Haya gani hiyo ya kudumu umri mzima?

Watu wa maonyesho wameleta kadi ya jina la mchoraji. Mama aliniomba niandike hajulikani. Nimekataa.

Kwaheri, Baba. Mungu akusamehe, Yeye ana rehema. Mimi sijafika huko. Kila Ijumaa nitakuja kaburini nikusomee Yasini, nakuahidi, hiyo ni haki yako. Ya Mama nimekwisha kuiandika kwenye kadi. Nilipomsomea aligusa kikuba chake, kisha akaniambia niongeze na jina la baba yake.

Lako hakulitaja.

Mwanao,
Zuhura