Mama Kola, Pasi Zote Zilikuwa Zimechomolewa

Umekwisha mwaka, Mama, tangu kimbunga kile kipite katikati ya mji wetu mdogo na kuondoka na shule, stendi, duka lako la udobi na watu wengi, nawe ukiwa mmoja wao. Magazeti yaliandika kwamba hakikubaki kitu. Si kweli. Kamba yako ya kuanikia ilibaki imenyooka vilevile, haina hata kibanio kimoja. Ungecheka.

Wateja bado wanakusema. Walikuita Mama Kola kwa sababu ulikagua kola ya shati kabla hujamsalimia mwenye shati. "Huyu mkewe kasafiri," ungetuambia akishatoka, na hukukosea sana. Nguo za wafiwa ulifua bure, na ukishukuriwa ulinuna.

Sabuni ulimwachia yeyote apime. Pasi, hapana. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, lazima kila waya uchomolewe. "Ukirudi je, tuamkie majivu?" Baba amesimama sana njiani na mifuko ya sokoni, wewe umerudi nyumbani kuangalia pasi ambayo siku hiyo hata haikuwashwa.

Ndivyo ilivyokuwa alasiri ile. Umeme ulikatika, mawingu yakawa ya kijani, watu wakakimbilia ghala la chini ya ardhi la duka la mikate, ng'ambo ya barabara. Mwoka mikate ndiye aliyetusimulia. Ulikuwa umeshafika mlangoni mwa ghala, mpiga pasi wako nyuma yako.

"Umechomoa zote?" ulimuuliza.

"Zote, Mama."

"Haya, nimekusikia. Ngoja nikaone."

Ulivuka barabara kwa mwendo wako wa kila siku. Kimbunga kilifika kabla hujarudi.

Tangu hapo kijana wa watu hana amani. Anasema labda moja aliisahau, na kama aliisahau basi yeye ndiye aliyekuua. Mazikoni hakuja. Amehamia kwa dada yake, simu hapokei. Baba alimfuata huko akaambiwa hayupo, na viatu vyake viko mlangoni.

Kwa hiyo tunakwambia wewe, naye asikie, maana tunajua gazeti huanza kulisoma kwa ukurasa huu wa kumbukumbu. Watu wa zimamoto waliofukua duka walizikuta pasi chini ya ukuta. Nyaya zote zilikuwa zimezungushwa na kufungwa lile fundo ambalo kijana peke yake hulifunga. Hakusahau hata moja. Na hata kama ungezichomoa mwenyewe kwa mkono wako, Mama, bado ungerudi kuangalia. Tunakupenda, lakini ulikuwa mbishi, na siku nyingine tunakukasirikia hadi leo. Yeye hatujamkasirikia hata siku moja.

Jumapili asubuhi tutakuwa nyumbani, mlango wazi.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi anafua mashati yake mwenyewe, vibaya; binti yako mwalimu; mwanao fundi bomba na mkewe; wajukuu zako; dada yako mshonaji; jirani yako mwoka mikate; na mwanao mpiga pasi, ambaye hukumzaa, na ambaye tumemweka hapa bila kumwomba ruhusa.

Maisha yetu yote hatutakusahau, sote tuliotajwa.